Sura ya Sita: Makanisa Tunayoyapita

Mgeni akifika Kirumba, jijini Mwanza, ataonyeshwa Uwanja wa CCM na soko la samaki la Mwaloni, na vyote viwili vinastahili kuonyeshwa. Mwaloni ndipo dagaa wa visiwani wanaposhushwa kwa magunia na kupakiwa tena kwenye malori yaendayo mbali, mengine hadi Kongo. Mwenyeji mwenye nafasi atampeleka mgeni wake Jiwe la Bismarck wakapige picha jua likizama, watakula sato wa kuchoma, na kesho yake mgeni atakuwa ndani ya basi la Dar es Salaam au njiani kwenda Serengeti. Bado sijasikia mwenyeji akimwambia mgeni wake: twende nikakuonyeshe kanisa.

Sura hii nimemwandikia mwenyeji huyo, awe Mkristo, Mwislamu au mtu asiyeshika dini yoyote. Kutoka Kirumba, kwa daladala, bodaboda na meli, anaweza kufika mahali ulipopita mwanzo wa Ukristo wa nchi nzima ya maziwa makuu. Anaweza pia kuona kanisa ambalo, kwa maoni yangu, limepambwa kwa akili kuliko makanisa mengi makubwa ya miji mikuu. Makanisa haya hayamo kwenye vijitabu vya watalii. Magari yanayapita kila siku, na sisi wenyeji tumo ndani ya magari hayo.

Nianze na mozaiki, kwa sababu ndiyo inayowavuta wapenzi wa makanisa ya kale duniani kote. Mozaiki ni picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya mawe, vigae au kioo, vikapangwa kwenye chokaa au saruji mbichi. Mafundi wa Kirumba wanaijua kazi hii ingawa hawaiiti hivyo. Marumaru zilizovunjika dukani au zilizobaki kwenye nyumba ya tajiri hukusanywa, na mwenye uwezo mdogo huzitumia kusakafia baraza yake. Nimekaa nikamtazama fundi mmoja akifanya kazi hiyo. Amekalia ndoo iliyogeuzwa, rundo la vipande liko kulia kwake, nyundo ndogo iko pajani. Anachukua kipande, anakigeuza mara mbili tatu, anagonga kona moja, anakijaribu, anakitoa, anagonga tena, kisha anakibonyeza kwenye saruji kwa kidole gumba. Kijani kinakwenda karibu na cheupe, chenye maua kinawekwa katikati. Akimaliza mstari anaweka pimamaji kuhakikisha sakafu imelala sawasawa, kisha anajaza mianya na kufuta kwa kitambaa.

Mafundi wa Ravenna, kule Italia, walifanya kazi iyo hiyo ukutani, ila wao hawakutaka vipande vilale sawa. Katika kanisa la San Vitale, lililotabarukiwa mwaka 547, vipande vya kioo viliinamishwa kidogo kwa makusudi, kimoja huku na kingine kule, ili mwanga wa dirisha na wa mishumaa urudi machoni pa mtu kutoka pande nyingi. Vile vya dhahabu vilitengenezwa kwa kubana karatasi nyembamba ya dhahabu kati ya matabaka mawili ya kioo. Ndiyo sababu ukuta wake unaonekana kama unatembea unapotembea wewe.

Lakini mozaiki ambayo ningependa kila mvuvi wa Mwaloni aione haiko Ravenna. Iko Tabgha, ufukweni mwa Ziwa la Galilaya, mahali ambapo Wakristo wa kale waliamini kwamba Yesu aliwalisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Kanisa lililopo sasa ni la mwaka 1982, lakini sakafu yake ina mozaiki za karne ya 5 zilizofukuliwa na wanaakiolojia wa Kijerumani mwaka 1932. Karibu na altare kuna picha ndogo tu: kikapu cha mikate, na samaki mmoja kila upande. Wanaoijua Galilaya wamegundua jambo katika samaki hao. Wamechorwa wakiwa na mapezi mawili mgongoni, ilhali samaki wa kuliwa wa asili ya ziwa lile, wakiwemo ndugu wa sato wetu, wana pezi moja tu. Aliyewachora, inavyoelekea, hakuwa mtu wa ziwa lile.

Sehemu nyingine ya sakafu hiyohiyo inaonyesha ndege wa majini, matete, mayungiyungi, na mnara wenye alama za kupimia kina cha maji ya Mto Nile. Kwa hiyo Tabgha, kando ya ziwa lenye urefu wa kilometa 21 tu, fundi alichora mto ambao tawi lake moja kubwa linatoka katika ziwa letu, Victoria au Nyanza, lenye eneo la karibu kilometa za mraba 69,000. Hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Na mapezi yale yamenipa swali ambalo nakwenda nalo katika kila kanisa: aliyepamba hapa, alikuwa anawajua samaki wa hapa?

Msomaji anaweza kudhani kwamba mozaiki ni sanaa ya Ulaya na Mashariki ya Kati, Afrika ikiwa mgeni. Sivyo. Tunisia ya leo ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya mozaiki katika Dola ya Roma, na Wakristo wa huko walifunika hata makaburi yao kwa mozaiki. Katika makumbusho ya Bardo, jijini Tunis, ipo mozaiki ya kaburi kutoka mji wa Tabarka yenye picha ya kanisa lililokatwa ubavu ili mtazamaji aone ndani: nguzo, altare, mishumaa inayowaka. Na hapa habari inaturudisha nyumbani. Padre Alfred-Louis Delattre, aliyetumia maisha yake kufukua makanisa ya kale ya Carthage, alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, lililoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Mwaka 1878 Delattre alianza kufukua basilika kubwa ya Damous el-Karita. Mwaka huohuo Lavigerie alituma msafara wake wa kwanza kuja kwetu.

Msafara huo uliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878. Tabora uligawanyika, kundi moja likaelekea Ziwa Tanganyika na lingine Nyanza. Kundi la Nyanza lilikuwa na mapadre Léon Livinhac, Siméon Lourdel, Ludovic Girault na Léon Barbot, pamoja na Bruda Amans. Walifika Kageye, ufukweni kaskazini-mashariki ya Mwanza, tarehe 30 Desemba 1878. Ni palepale ambapo mpelelezi Stanley alikuwa amefika Februari 1875 na kuunga mashua yake. Kutoka Kageye, Lourdel na Amans walitangulia kwa mtumbwi kwenda Buganda, wakatia nanga Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Waganda wanaisherehekea tarehe hiyo mpaka leo. Kageye, walikosukuma mtumbwi majini, sisi tunaipita.

Hesabu miezi: Juni hadi Desemba, miezi sita, kila kitu kikiwa kichwani mwa mpagazi. Mvinyo wa misa, vitabu, nguo, dawa, misumari. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo hakuna aliyefikiria kumtwisha mtu kichwani sanduku la vioo vya rangi kutoka pwani. Ndiyo maana makanisa ya kwanza ya ziwa letu yalikuwa ya miti, udongo na nyasi, kisha ya matofali mabichi, kisha ya kuchoma. Mtu anayetafuta dhahabu ukutani katika makanisa ya umri huu atatoka mikono mitupu, na mimi nisingependa aende kwa ajili hiyo.

Aende Bukumbi kwa sababu nyingine. Kutoka Kirumba unakwenda mjini, unachukua gari la barabara ya Shinyanga hadi Usagara, halafu unakata kulia kuelekea Kigongo. Zamani njia hiyo ilikuwa na subira yake, maana watu walikaa foleni ya kivuko cha Busisi, wakanunua karanga na mahindi, wakaulizana habari. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, limefunguliwa, na safari ya saa nzima imekuwa ya dakika chache. Nashukuru sana kwa daraja hilo. Wagonjwa wangapi walikuwa wakisubiri kivuko usiku. Lakini sasa gari linapita Bukumbi kama upepo, na abiria mwenye simu mkononi hajui amepita wapi.

Amepita mahali ambapo mapadre wale walikimbilia walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882, wakaanzisha misheni iliyoitwa pia Kamoga. Kutoka hapo ndipo Ukatoliki ulipoenea Usukuma, Ukerewe na Kagera. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga wa Buganda alipinduliwa mwezi Septemba, akatoroka kwa mtumbwi kuvuka ziwa, akafika Magu na kushikiliwa na wafanyabiashara Waarabu. Alipofanikiwa kuondoka huko, mlango uliomfungukia ulikuwa wa misheni ya Bukumbi. Huyu ndiye Mwanga ambaye kwa amri yake Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mapadre waliompokea walikuwa wamewafundisha dini baadhi ya vijana wale. Walijua majina yao. Walimpa mahali pa kulala. Bukumbi palepale, mwaka 1890, Livinhac alimweka wakfu Jean-Joseph Hirth kuwa askofu, na Hirth ndiye aliyefungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892.

Leo Bukumbi ina hospitali, shule na makazi ya wazee. Ukifika, nenda kwanza ofisi ya parokia ujitambulishe, kisha uliza makaburi ya zamani yako wapi, na uliza kama yupo mzee anayejua habari za misheni. Mwamkie Kisukuma ukiweza, mwangaluka kama ni asubuhi, halafu shikamoo. Kaa chini. Habari za Bukumbi hazijabandikwa ukutani. Ziko vinywani mwa watu, na mtu mwenye haraka hapewi. Watu huenda kuhiji Namugongo kwa mamia ya maelfu kila Juni, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Rwanda. Sioni kwa nini Bukumbi isiwe na hija yake, hata ndogo.

Kwa upande wa Waanglikana nitapita haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu macho hayana mengi ya kushika. Wao walitangulia: wamisionari wa Church Missionary Society walifika ziwani mwaka 1877, na Desemba mwaka huo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Alexander Mackay, fundi na mchapaji aliyefanya kazi Buganda, alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, na mabaki yake sasa yako Namirembe, Kampala. Misheni yao ya Nassa, iliyofunguliwa mwaka 1888, ilikabidhiwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kutoka hapo likakua kanisa la Africa Inland Church (AIC) tunalolijua kote Usukumani. Waumini wa AIC hawaweki picha kanisani. Sanaa yao ni ya sauti: ingia kwaya ikiwa kwenye mazoezi, utaelewa kuta tupu ni za nini.

Sasa Bujora, ambako ningependa tukae.

Panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, kilometa kama 20 kutoka mjini. Kisesa unashuka, unachukua bodaboda au unatembea ukipenda. Kilima cha Bujora kina mawe makubwa ya Usukuma, yale yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, na katikati yake kuna makumbusho ya Wasukuma na kanisa. Vyote viwili vilitokana na kazi ya Padre David Clement, Mkanada kutoka Quebec, wa shirika lilelile la Mapadre Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Alianza kazi hiyo miaka ya 1950, na hakuifanya peke yake. Alikuwa na kamati ya utafiti wa mambo ya Kisukuma iliyokusanya vifaa, historia za watemi, nyimbo na ngoma, wakati ambapo wamisionari wengi walikuwa bado wanawaambia watu wachome vitu hivyo.

Kanisa ni la mduara. Wasukuma waliishi katika nyumba za mduara, na mtu aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo anapoingia hapa hahitaji kufundishwa akae wapi wala atazame wapi. Alama za utemi zimeletwa kwenye ibada: ngoma, ngao, kiti cha enzi. Mantiki yake ni nyepesi na ina nguvu. Injili inasema juu ya ufalme. Msukuma wa kizazi kile alikuwa ameishi chini ya watemi, alijua mtemi anakaa wapi, ngoma yake inalia lini, nani anaruhusiwa kuigusa. Basi yote hayo aliyoyajua yakawekwa kanisani mbele yake. Mchoraji wa Tabgha alileta samaki wa kwingine akawaweka kando ya ziwa lenye samaki wake. Bujora waliuliza kwanza, wakaketi na wazee, kisha wakajenga.

Ukitoka kanisani, tembea taratibu kwenye makumbusho. Ngoma za watemi zimewekwa katika jengo la ghorofa lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Simama chini yake uangalie juu, uone jinsi jengo zima lilivyo kiti kimoja kikubwa kinachomngoja mtu akalie. Ndani, ngoma zimepangwa zikiwa na ngozi zilizokauka, nyingine zimepasuka pembeni, na ukiinama utaona alama za vidole kwenye mbao zilizong'aa kwa kushikwa miaka mingi. Kuna nyumba ya jadi, kuna mahali pa mhunzi, kuna nyumba ya mganga na vifaa vyake. Baadhi ya wageni Wakristo hushtuka kukuta nyumba ya mganga hatua chache kutoka kanisani. Mimi naona hapo ndipo ujasiri wa Bujora ulipo. Watu hawakuambiwa kwamba babu zao walikuwa gizani tu. Vitu vyao vilitunzwa, vikaelezwa, na watoto wa shule wakaletwa kuviona.

Wakati mzuri wa kwenda ni Juni, majira ya Bulabo, sherehe iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi. Baada ya misa na maandamano, uwanja unakuwa wa wacheza ngoma, na wanashindana Wagika na Wagalu, pande mbili zilizotokana na waganga wawili wa karne ya 19. Ushindani wao hauna majaji wenye karatasi. Pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na umati ndio unaoamua kwa miguu: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo wachezaji hufanya kila wawezalo. Chatu hutolewa kwenye sanduku na kuviringishwa shingoni, nungunungu huletwa, majembe hurushwa hewani. Utajikuta unakimbia na wenzako kutoka upande mmoja hadi mwingine, vumbi likitimka, akina mama wakipiga vigelegele, na padre naye yumo katikati ya watu. Shika pochi yako na mkono wa mtoto wako.

Bujora haikuwa peke yake kwa fikra hizi. Karibu miaka ileile, katika Kanisa la Mtakatifu James, Murang'a, Kenya, Elimo Njau, kijana wa Marangu aliyesoma Makerere, alichora ukutani picha tano kubwa za maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, watu wake wakiwa Waafrika na mandhari yakiwa ya milima ile. Zilikamilika mwaka 1959. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, katika mji ambao kila familia ilikuwa na jeraha lake. Mtanzania kuchora pale, wakati ule, lilikuwa jambo la uzito. Ukipita Murang'a ukitoka Nairobi kwenda Nyeri, simama.

Mozaiki yenyewe, ya vipande, kwa mtu wa Tanzania iko karibu zaidi Zanzibar, katika kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Watalii hulijua kwa habari ya watumwa, na ni haki, maana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873 uliotiwa saini na Sultani Barghash. Askofu Edward Steere, mfasiri wa Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, naye amezikwa nyuma ya altare. Duara la marumaru sakafuni, mbele ya altare, linaonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Wengi huinama wakalitazama hilo, wakatazama msalaba uliochongwa kutoka kwenye mti wa Chitambo ulikozikwa moyo wa Livingstone, kisha wakatoka. Inua macho kidogo zaidi. Mapambo ya mozaiki ya altare yalitolewa na Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni aliyefundisha Zanzibar kwa miaka mingi, wengi wa wanafunzi wake wakiwa mabinti waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Huyo alikuwa binamu wa mwandishi maarufu wa Kiingereza, lakini pale Mkunazini anastahili kukumbukwa kwa kazi yake mwenyewe.

Na kabla hujatoka, angalia nguzo za upande wa magharibi. Zimesimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, na aliporudi ziliachwa kama zilivyo. Nawaheshimu walioziacha. Kati ya mambo yote ya kanisa lile, nguzo hizo ndizo zinazonikumbusha kwamba lilijengwa kwa mikono ya watu wa Unguja.

Watu wa bara la ziwani nao walifika soko lile, kwa minyororo, kupitia Tabora na Bagamoyo, njia ileile ambayo Livinhac na wenzake waliipanda kinyume miaka michache baadaye. Ukishaona Mkunazini na Bukumbi, ramani hiyo inakaa kichwani bila kufundishwa.

Ukerewe iko karibu zaidi. Meli ya Nansio hutoka bandari ya Mwanza Kaskazini, safari ya saa tatu na zaidi, na kisiwani kuna misheni ya kale ya Kagunguli. Huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma shule ya misheni kisha seminari ya Rubya, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alisubiri miaka 35. Ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kitabu kile kina mambo ya ndoa, ugumba, kilimo, pombe, mitishamba na adabu za Wakerewe, yakiwa yamepangwa na mtu aliyeyaona kwa macho. Alikuwa Mkristo wa misheni na hakuona aibu hata kidogo juu ya mambo hayo. Nakwenda Kagunguli kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya jengo.

Kuna jambo linalonisumbua, na lazima niliseme. Parokia zetu zinakua, waumini wanajichangisha jumuiya kwa jumuiya, na kila mwaka makanisa ya zamani yanakarabatiwa. Kuchanga ni sadaka ya kweli. Mama muuza dagaa anatoa alichopata. Lakini mara nyingi ukarabati huanza kwa kubomoa. Altare ya matofali ya kuchoma inavunjwa, inawekwa marumaru nyeupe zinazong'aa, zilezile za bafuni. Michoro ya katekista wa miaka ya 60 inapakwa rangi ya krimu. Mlango wa mvule unauzwa, unawekwa wa aluminiamu. Hakuna aliyepiga picha kabla. Baada ya miaka kumi, hata wanakamati wenyewe hawakumbuki ukutani palikuwa na nini.

Marumaru si adui. Fundi wangu wa Kirumba, akiambiwa apange samaki wa Mwaloni kwenye sakafu ya kanisa, sato mwenye pezi moja, sangara, dagaa kwa mamia, angeweza. Nimemuuliza. Alicheka, akasema alete nani hela, halafu akachukua vipande viwili vya kijivu akanionyesha mkia utakavyokaa. Hatujakosa mafundi wala vipande. Wanaoagiza kazi hawajamwuliza.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda, nenda hivi. Vaa kwa heshima, na kama ni Jumapili, kaa ibada yote. Usiingie na kamera wakati watu wanasali. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukishapewa, piga kila kitu: altare, sakafu, kengele, maandishi ya makaburi, hata bati la paa. Uliza nani alijenga, nani alichora, tofali zilichomwa wapi. Andika majibu siku hiyohiyo. Acha sadaka, na ukifika nyumbani tuma nakala ya picha hizo kwa paroko au mchungaji wa pale, maana yeye ndiye atakayekuwa mbele ya kamati ya ujenzi siku ikifika. Na kama wewe ni mwanakamati, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, ita mpiga picha na ita wazee watatu wa parokia. Gharama yake haifiki bei ya boksi moja la marumaru.